Straika mpya hafungi: kosa ni lake, au mpira haumfikii? (Yanga, Simba, Azam)

Mchora Mfumo

Wakuu, habari zenu.

Dirisha la usajili likifunguliwa tu, kelele ni ileile: tuleteeni namba 9. Anakuja, anacheza mechi nne bila bao, anaitwa garasa, na dirisha dogo linatafutwa mwingine. Hoja yangu ni kwamba straika hasajiliwi peke yake. Anasajiliwa pamoja na njia ya kumfikishia mpira. Njia hiyo ikikosekana, hata aliyefunga mabao 20 kwao atakuja kukimbizana na mabeki hapa.

Tuanze na Yanga. Msimu wa 2022/23 Fiston Mayele alimaliza na mabao 17 ya ligi, sawa na Saido Ntibazonkiza wa Simba, na akawa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika kwa mabao 7. Akaenda Pyramids ya Misri, watu wakasema Yanga imekufa mbele. Msimu wa 2023/24 Yanga ikatetea ubingwa, na mfungaji bora wa ligi akawa Stephane Aziz Ki kwa mabao 21. Aliyemfuata ni Feisal Salum wa Azam, mabao 19. Wote wawili ni viungo.

Watu wanasahau kwamba Mayele hakuondoka peke yake. Djuma Shabani aliyekuwa anapanda kulia aliondoka, Yannick Bangala akaenda Azam, na Feisal alikuwa ameacha kucheza tangu Desemba 2022. Yaani mfungaji na wapishi wake watatu wametoka. Ungemleta straika wa aina ya Mayele katika kikosi kile, nani angempigia ule mpira wa nyuma ya beki?

Kocha Miguel Gamondi hakuziba pengo kwa kutafuta Mayele mwingine. Alipata Pacome Zouzoua na Yao Kouassi kutoka ASEC Mimosas, Maxi Nzengeli kutoka Maniema Union, akahamisha kazi ya kufunga kwenda kwa viungo. Straika akawa mtu wa kuwavuta mabeki wa kati. Angalieni ile 5-1 dhidi ya Simba ya tarehe 5 Novemba 2023: Kennedy Musonda alifungua, kisha mabao yote manne ya Yanga yaliyofuata yakatoka kwa viungo. Maxi mawili, Aziz Ki moja, Pacome moja kwa penalti.

Karibuni tuchambue. Mwenye takwimu alete, mwenye mfumo auchore.

Mnyama wa Kariakoo

Mkuu, umeandika vizuri ila umeruka sehemu inayouma. Mfumo wa viungo kufunga unatosha ligi ya ndani. Afrika unahitaji muuaji. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2024, Yanga na Mamelodi Sundowns: 0-0 Dar, 0-0 Pretoria, Yanga ikatoka kwa penalti. Dakika 180. Najua lile shuti la Aziz Ki lililogonga mwamba, na mjadala wake hautaisha, lakini timu inayosubiri bao moja kutoka mita 25 haina namba 9.

Mwaka uliofuata Mayele akiwa na Pyramids akakutana na Sundowns hiyohiyo fainali. 1-1 Pretoria, 2-1 Cairo, na Mayele akafunga marudiano. Huo ndio utofauti wa straika halisi.

Bint Jangwani

Kaka Mnyama, mfano wako unamsaidia Mchora Mfumo. Pyramids ilimpa Mayele winga na viungo wanaopiga pasi mapema. Mayele ni mtu wa mguso mmoja au miwili. Anakaa mgongoni mwa beki wa kati, upande ambao beki hawezi kumwona na mpira kwa wakati mmoja, na anaanza mbio kabla pasi haijapigwa. Pasi ikichelewa sekunde moja, ameotea. Kwa hiyo kocha anayemtaka mtu wa aina hiyo anahitaji kiungo anayepiga akiwa ameshaangalia mbele kabla mpira haujamfikia mguuni. Yanga ya kocha Nabi ilikuwa nao.

Kwenye mechi ya Sundowns nakubali tulikosa mtu wa kumalizia, lakini kumbuka Pacome alikuwa ametoka kuumia. Ukimtoa Pacome, unamtoa mtu anayebeba mpira kutoka katikati hadi nje ya 18 akivuta mabeki wawili. Aziz Ki akabaki anapokea mpira mbali mno na goli.

Ngongoti wa Sita

Tukiongelea takwimu tuzisome sawasawa, maana nyingi zinapotosha.

Meddie Kagere alifunga mabao 23 msimu wa 2018/19 na 22 msimu wa 2019/20. Ni kazi kubwa, lakini ligi ilikuwa na timu 20, mechi 38. Aziz Ki alifunga 21 ligi ikiwa na timu 16, mechi 30. Gawanya: Kagere 0.6 kwa kila mechi ya ligi, Aziz Ki 0.7. Halafu huyo wa pili ni kiungo.

Ukimpima straika unayetaka kumsajili fanya haya:

Toa penalti kwanza. Saido alikuwa mpiga penalti wa Simba, na Jean Charles Ahoua aliyeongoza ufungaji 2024/25 kwa mabao 16 naye ndiye aliyekuwa anapiga. Penalti inafungwa, sawa, lakini ukimsajili mpigaji mkaenda naye mahali penye mpigaji mwingine, mabao yale hayasafiri naye.

Toa na mechi moja iliyofura. Saido alifunga 5 dhidi ya Polisi Tanzania mwezi Juni 2023. Hayo ni karibu theluthi ya mabao yake ya msimu. Simvunjii heshima, ni fundi, ila ukitaka kujua straika atakupa nini kila wiki, hesabu ni mechi ngapi amefunga, sio mabao mangapi. Mtu mwenye mabao 12 kwenye mechi 11 tofauti ana faida kuliko mwenye 15 kwenye mechi 7.

Kisha gawa kwa dakika. Dakika zote alizocheza gawanya kwa mabao yasiyo ya penalti. Chini ya 150 ni mzuri sana. 150 hadi 200 ni wa kuaminika. Juu ya 250 muulize kocha anamtaka kwa kazi gani nyingine.

Wa Kasarani

Naongezea kutoka huku Kenya. Elvis Rupia alifunga mabao 27 akiwa na Kenya Police msimu wa 2022/23, akavunja rekodi ya ligi yetu iliyokuwa imedumu tangu 1976. Baadaye akavuka kuja Ihefu, ambayo sasa ni Singida Black Stars. Kule Police timu nzima ilikuwa inamtafuta yeye, krosi za mapema, mipira ya kichwa. Mtu akishangaa kwa nini hakufikisha idadi hiyo Bara, ahesabu kwanza krosi alizopata kwa mechi, halafu ndio amhukumu. Straika wa krosi akipata krosi nzuri mbili kwa dakika 90 hawezi kufunga kila wiki.

Mnyama wa Kariakoo

Nakubali hoja ya dakika. Ila naomba tujadili Simba Januari 2024, kwa sababu pale ndipo nilipoumia. Tuliachana na Jean Baleke na Moses Phiri kwa mpigo, wakaja Freddy Michael Koublan na Pa Omar Jobe. Msimu ulipoisha tukawa wa tatu, Azam wametupita kwa tofauti ya mabao. Tofauti ya mabao, wakuu! Nafasi ya Ligi ya Mabingwa imepotea hivyo. Mnasemaje kuhusu kubadili safu nzima katikati ya msimu?

Mchora Mfumo

Ni kosa la hesabu ya muda, tuache ubora wa wachezaji. Straika anayekuja Januari anapitia haya: hati ya uhamisho ya kimataifa, kibali cha kazi, vipimo, kisha mazoezi ya pamoja siku chache kati ya mechi na mechi. Ligi ikishaanza kukimbia, timu yenye mashindano ya Afrika inacheza kila baada ya siku tatu au nne. Ukitoa siku ya kupumzika, siku ya safari na siku ya mazoezi mepesi, unabaki na siku moja ya kufundisha mfumo kwa wiki. Straika anahitaji kujua vitu vitano vidogo: winga wa kulia anapiga krosi kwa mguu gani, beki wa kushoto anapiga mapema au anafika kibenderani, namba 10 (kiungo anayecheza nyuma ya straika) anapenda pasi ya mguuni au ya mbele, kwenye kona yeye anasimama wapi, na timu ikipoteza mpira anamkaba nani. Vitano hivyo havijifunzwi ndani ya wiki mbili.

Ndiyo maana kubadili mmoja kunavumilika. Anayebaki anashika mfumo, mgeni anaingia dakika ya 60 au 65 wapinzani wakiwa wamechoka, anazoea. Ukibadili wawili kwa pamoja hakuna anayejua njia.

Mlinda Mlingoti

Hapo kwenye winga na krosi pana mambo mengi ya kusema, na ndipo timu zetu zinapopoteza mabao mengi zaidi.

Timu ya mkoani ikija kwa Mkapa inapaki basi: mabeki watano, viungo wanne, mmoja mbele. Mstari wao wa nyuma uko mita 15 hadi 18 kutoka goli. Sasa angalia timu kubwa inavyoshambulia. Beki wa pembeni anapokea mita 30 kutoka goli, anapiga krosi ya juu. Mabeki wa kati watatu wanautazama mpira ukija, wameelekea mbele, wanaupiga kichwa. Straika wako yupo peke yake kati ya watatu. Krosi 25 za namna hiyo zinaweza kuzaa bao moja au zisizae, halafu mashabiki wanamzomea namba 9.

Krosi inayomuua beki ni ile ya chini, kutoka usawa wa kibendera, inayorudishwa nyuma. Winga akifika pale, mabeki wote wanalazimika kugeuka kuelekea goli lao, na beki aliyegeuka hawezi kumwona mtu aliye mgongoni. Ndani ya boksi mnahitaji watu watatu kwa wakati mmoja: mmoja anakimbilia mlingoti wa kwanza kwa kasi ili awavute mabeki wawili, mwingine mlingoti wa pili, wa tatu anasimama karibu na alama ya penalti, mita 11, bila kukimbia. Huyo wa tatu ndiye anayefunga. Aziz Ki, Maxi na Mudathir walikuwa wanaokota hapo msimu wa 2023/24.

Kinachoharibu ni kwamba wote watatu wanakimbilia golini. Wanafika mita tano kutoka kwa kipa, pasi inapita nyuma yao, mpira unatoka na kaunta inaanza.

Chamazi Kwetu

Umesema kaunta, na hapo Prince Dube anaingia. Akiwa Azam, mabao yake mengi yalikuja timu ikipokonya mpira na kumtanguliza kwenye nafasi. Ana kasi, anapenda uchochoro kati ya beki wa kati na beki wa pembeni. Alipohamia Yanga 2024 akakuta mabeki wamelala ndani ya 18 yao, nafasi ya kukimbilia haipo. Akakosa, akakosa tena, watu wakaanza kumhesabia.

Sead Ramovic alipochukua timu Novemba 2024 akaongeza kukaba juu. Mpira ukipokonywa mita 35 kutoka goli la mpinzani, mabeki wanakuwa bado wametawanyika, na hapo Dube anapata ule uchochoro wake. Dube alimaliza msimu na mabao 13 ya ligi, Clement Mzize 14. Mtu ni yuleyule aliyezomewa. Kilichobadilika ni mahali timu inapoupata mpira.

Bint Jangwani

Dada yenu anaongezea kuhusu huko kukaba juu, kwa sababu wengi wanadhani ni kukimbia ovyo.

Straika haendi kwa beki wa kati moja kwa moja. Anakwenda kwa mkunjo, akiifunga pasi ya kwenda kwa beki wa kati mwingine, ili mpira ulazimike kwenda pembeni. Ukishaenda pembeni, mstari wa pembeni unakuwa mkabaji wa ziada: winga anamfuata beki wa pembeni, namba 10 anamshika kiungo wao wa chini, beki wetu wa pembeni anapanda kumshika winga wao. Ishara za kuanza ni tatu: pasi ya kurudi kwa kipa, beki aliyepokea akiwa ameelekea goli lake, na mguso wa kwanza uliomtoka.

Linaloharibika mara nyingi: straika anaenda, viungo hawaendi. Kunabaki pengo la mita 20 katikati, pasi moja tu inawapita wanne. Mzize anafanya kazi hii vizuri kuliko washambuliaji wengi wa kigeni waliopita hapa, na ndiyo maana makocha wanne tofauti walimpa nafasi hata alipokuwa hafungi sana.

Ngongoti wa Sita

Dada Bint, hiyo ya pengo ni kweli tupu. Ila mkabe juu uwanja wa Kaitaba, Bukoba, muone. Nyasi bandia, mpira unaruka na kukimbia, pasi ya beki inakupita kabla hujafika. Mechi za namna hiyo bora safu isogee chini mita 10, mngoje pasi mbovu katikati, na mbele awepo mtu wa kushindania mipira ya juu, akiwa na kiungo mmoja karibu yake kuokota mpira wa pili. Straika mrefu bila wa kuokota ni kazi bure.

Mnyama wa Kariakoo

Basi twende Simba 2024/25, maana mnanipa hoja. Kocha Fadlu Davids alikuwa na Lionel Ateba, mtu wa kuweka mwili na kuficha mpira, na Steven Mukwala, mtu wa kukimbilia nafasi. Straika wawili wa aina tofauti, na mfungaji bora akawa Ahoua, kiungo. Hivyo hata kwetu njia ilipita kwa namba 10. Tukafika fainali ya Kombe la Shirikisho.

Kilichotumaliza ni RS Berkane ya Morocco kwao: mabao mawili ndani ya robo saa ya kwanza. Marudiano Amaan, Zanzibar, Joshua Mutale akatupa bao la mapema, kisha kadi nyekundu ya Yusuph Kagoma mwanzoni mwa kipindi cha pili. Mukwala akafunga, VAR ikalikataa. Wakasawazisha mwishoni, 1-1, jumla 3-1. Sasa niambieni, pale tulihitaji straika gani?

Mlinda Mlingoti

Pale hamkuhitaji straika, kaka. Mlihitaji kutofungwa ugenini mapema. Fainali za mikondo miwili zinaamuliwa na mabeki. Yanga 2023 vilevile, fainali ya Kombe la Shirikisho: Mayele alisawazisha kwa Mkapa zikiwa zimebaki dakika chache, na dakika tano hazikupita USM Alger wakafunga la pili. Yanga ikashinda 1-0 Algiers, jumla 2-2, kombe likaondoka kwa sheria ya bao la ugenini.

Ukisawazisha nyumbani dakika za mwisho, mabeki wa pembeni wote wawili hawapandi tena. Unabakiza watu wanne nyuma ya mpira: mabeki wawili wa kati, kiungo mkabaji, na beki mmoja wa pembeni aliyeingia ndani. Washambulie sita. Tulishambulia kwa hamasa ya uwanja badala ya hesabu.

Chamazi Kwetu

Swali kwa Mchora Mfumo. Tuseme wewe ndiye mkuu wa usajili, una nafasi moja ya mchezaji wa kigeni. Timu yako inafunga kupitia viungo, ila inakwama dhidi ya timu zilizopaki. Unaleta nani na unamchunguza vipi?

Mchora Mfumo

Mkuu, kwanza sitazami video ya dakika tano aliyotuma wakala. Ile ina mabao tu. Nachukua mechi nane kamili: nne nyumbani, nne ugenini, na angalau tatu kati yake ziwe dhidi ya timu iliyojaza watu nyuma. Kila mechi naandika: mara ngapi aligusa mpira ndani ya 18, mara ngapi alikimbia bila mpira na kumtoa beki mahali pake, mara ngapi alipokea mgongo ukiwa golini na mpira ukabaki kwetu, mashuti kwa mguu wa kulia, kushoto na kichwa, na alifanya nini sekunde tano baada ya timu yake kupoteza mpira.

Akigusa ndani ya boksi chini ya mara tatu kwa mechi huku timu yake inatawala mchezo, huyo hatanisaidia dhidi ya basi, hata kama ana mabao 15. Mabao yake ni ya kaunta.

Kwa timu uliyoielezea ninamtaka anayepokea mgongo ukiwa golini kwa mguso mmoja na kuurudisha kwa namba 10 anayekuja mbio. Kimo si lazima, ila awe na kiuno kizito, asisukumwe. Na hapa naomba mnielewe: nafasi hiyo moja ya kigeni huenda nisimpe straika kabisa. Nikikuta beki wangu wa kulia hafiki kibenderani hata mara tatu kwa mechi, namsajili beki wa kulia. Yao Kouassi alivyokuja 2023 alifungua upande mzima, na waliofaidika ni wafungaji.

Mnyama wa Kariakoo

Hapo umenigusa. Shomari Kapombe na Mohamed Hussein walitubeba miaka mingi kwa kazi hiyohiyo, na hatukuwahi kuwahesabu tulipohesabu mabao ya Kagere, Bocco na Mugalu.

Ila bado sijakuachia: kwenye kona na faulo za pembeni unahitaji mtu wa kichwa. Bila yeye dhidi ya timu iliyopaki unatupa silaha.

Mlinda Mlingoti

Mtu wa kichwa anaweza kuwa beki wa kati. Kinachotakiwa ni mpangilio. Mpigaji alenge eneo la mita sita mbele ya goli, kwa mpira unaoingia ndani, sio unaotoka. Wachezaji wawili wanaanza kwenye mlingoti wa pili, wanakimbia kwenda wa kwanza wakipita mbele ya kipa bila kumgusa, maana akiguswa ni faulo. Mmoja anasimama kwenye njia ya beki anayemkaba mpiga kichwa wenu. Mpiga kichwa anaanzia ndani kidogo ya mstari wa 18, mita 14 au 15 kutoka goli, apate mbio za hatua nne. Mmoja nje ya boksi kwa mpira uliotemwa, wawili nyuma kabisa, mmoja wao awe na kasi kuliko straika waliyemwacha mbele.

Mkikosea hesabu ya hao wawili wa nyuma, kona yenu inakuwa bao lao.

Wa Kasarani

Mlinda Mlingoti, na timu inayokaba kona kwa eneo badala ya mtu kwa mtu? Huku kwetu ziko kadhaa.

Mlinda Mlingoti

Hao usiwapigie mpira wa kwanza golini. Piga kona fupi, wasogee wawili kuja kwenu, mstari wao uvunjike, kisha krosi iende mlingoti wa pili wakati wanarudi kinyumenyume. Beki anayerudi nyuma haruki vizuri. Anayepiga hiyo krosi ya pili awe wa mguu tofauti na aliyeanzisha kona, mpira uingie ukielekea goli. Mfungaji asikimbilie mapema. Angoje mpaka mguu wa mpigaji ugonge mpira, la sivyo anaotea, kwa sababu kona ikishachezwa fupi sheria ya kuotea inaanza kufanya kazi.